Mzuka Aliyeitwa Aimée

Mimi nina wivu, na sijawahi kuuficha. Nikipenda kitu nataka kiwe changu chote, kuanzia kitana changu cha saluni hadi mwanamume. Kwa hiyo, msomaji wangu, usinishangae kwa niliyoyafanya Ijumaa ile kule Bwera, mchana kweupe, nikiwa nimevaa gauni langu la kutokea na nywele nilizosukwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni Sosthène. Mzaliwa wa Butembo, mrefu, mwenye macho ya upole, na kazi yake ni kutafsiri filamu katika ukumbi wa video wa mzee Hilaire, karibu na soko la mpakani mwa Uganda na Kongo. Anakaa pembeni ya skrini na maikrofoni yake, anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, watoto na mashetani. Watu wa kazi hiyo tunawaita VJ. Filamu itoke Korea au Mexico, akishaishika Sosthène inakuwa ya Bwera. Wahusika anawapa majina ya huku, wanakwenda kuuza vitunguu sokoni na wanaogopa mama mkwe kama sisi.

Tulipendana kwa sababu ya mambo ya kutisha. Mimi ni mtazamaji mwenye maneno mengi. Saluni yangu iko Bulembia, mjini Kasese, na televisheni haizimwi tangu asubuhi, lakini tamthilia za harusi na mashamba makubwa siziwezi. Nataka zile zenye giza. Na hata hizo nina masharti nazo. Mzuka akionyeshwa uso mapema, kwangu amekwisha, ni mtu tu aliyejipaka unga. Damu hainitishi, damu naiona kila Krismasi mbuzi wakichinjwa. Kinachonitisha ni mama anayeosha vyombo, halafu unaona sahani moja inapanguswa na mkono usio wake. Na ile filamu inayomalizika kwa padri kusema sala moja na shetani kukimbia, hiyo ni dharau kwa shetani na kwa sala pia.

Mwaka jana nilikwenda Bwera kununua vitenge, nikaingia ukumbini kupumzisha miguu. Sosthène alikuwa anatafsiri filamu ya nyumba yenye kisima, na kila mlango ulipofunguka alipiga kelele kabla ya mzuka mwenyewe. Nilikasirika. Nambari yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa rangi mlangoni, nikamtumia ujumbe wa sauti mrefu, nikamwambia mlango ukifunguka anyamaze, atuache na woga wetu. Alinijibu jioni hiyohiyo. Kesho yake akaniuliza maoni yangu kuhusu filamu nyingine, na nyingine, mpaka siku moja akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo maneno yangu yalikuwa yanasikika kwenye spika za mzee Hilaire. Pale niliposema anyamaze, alinyamaza. Pale niliposema muuaji aongee kama mtu wa heshima, aliongea kama mzee wa kanisa. Nilikuwa nakaa Bulembia nikisuka vichwa vya watu, huku nikijua kwamba kule mpakani ukumbi mzima unatetemeka kwa akili yangu. Hiyo ilikuwa raha yangu, na niliidhani ni ya peke yangu.

Baba yangu, mzee Asanasio, hakumtaka. Baba analima kahawa Kyarumba na ni msomaji wa masomo kanisani, na alikuwa na sababu zake: kwanza mtu huyo anashinda na mashetani kutwa nzima, pili ni Mkongo, na Wakongo, kwa maneno ya baba, wana mke kila upande wa mto. Nilibishana naye siku ya Krismasi mbele ya shangazi Marita na ndugu wote. Nikasema Sosthène hajawahi kuoa, sio huku wala kule. Nikasema wakimkuta na mwanamke mwingine, waniite mwongo mpaka nife. Baba akaniangalia sana, akasema basi, aje na wajomba zake, amwone. Siku iliwekwa Jumamosi. Yaani kesho ya Ijumaa ile.

Ndiyo maana Ijumaa ile nilifunga saluni mapema, nikamchukua rafiki yangu Jolly, tukashuka Bwera bila kumwambia mtu. Nilitaka kumshtukiza. Nilitaka aniangalie huku maikrofoni iko mdomoni ashindwe kusema.

Tulikuta ukumbi umejaa, maana ilikuwa siku ya soko. Tukajibana nyuma. Ilikuwa tamthilia mpya, ya mwanamke aliyezama ziwani akamwacha mume wake. Mume anaoa tena, na siku bibi harusi anapoingia nyumbani, marehemu naye anarudi, nywele zimelowa, anasimama mlangoni mwa jikoni. Nilijiweka sawa. Nikasubiri Sosthène anyamaze, kama nilivyomfundisha.

Hakunyamaza. Aliongea taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

"Aimée," alisema, akimwita aje, kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Kuya. Kuya ukule. Chakula iko moto bado."

Ukumbi ulitulia. Mzuka akasogea mezani. Uso wake ulionyeshwa wote, tangu mwanzo, na hakuna aliyecheka.

"Aimée, unasikia baridi? Kuya karibu na moto. Hakuna mwenye atakufukuza."

Jolly akaniinamia sikioni. "Eh, Immy. Leo bwana yako anatafsiri vizuri."

"Hiyo si kutafsiri," nikasema. "Huyo mutu kwa filamu amefunga mdomo. Haongei kitu. Hiyo maneno Sosthène ametoa wapi?"

"Ametoa kwa kichwa."

"Kwa kichwa ya nani?"

Hakikuwa kichwa changu. Mimi ningesema mzuka asiitwe, asipewe chakula, asiambiwe kuna moto. Mimi nisingemwonyesha uso. Kuna mtu mwingine alikuwa amekaa na mpenzi wangu akamweleza kwamba mzuka ni wa kuhurumiwa, naye amekubali, ameyatupa maneno yangu yote na kuyabeba ya mwenzangu. Tena jina lake analiita kwenye spika, na soko zima linasikia. Aimée. Hata lilivyotoka mdomoni mwake lilikuwa limezoea njia.

Halafu nikamwona. Mwanamke amekaa benchi la mbele, kitenge cha kijani, shingo ndefu, mzuri, nisidanganye. Kila Sosthène alipotaja jina lile alimwangalia yule mwanamke. Na yule mwanamke alikuwa anatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka, anayafuta na ncha ya kitenge bila haraka. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe.

"Immy, kaa chini," Jolly akanivuta gauni.

"Nimekaa."

"Umesimama."

Sehemu ya kwanza ilipoisha walizima jenereta wajaze mafuta. Watu wakanyoosha miguu, wengine wakatoka kutafuta chapati. Sosthène akapitia mlango wa nyuma bila kuniona. Mimi nilikwenda moja kwa moja benchi la mbele.

"Nyabo, samahani," nikasema. "Wewe ndiyo Aimée?"

Watu waliokuwa karibu wakaacha mazungumzo yao. Mwanamke akaniangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Miye ni Sophie," akasema. "Aimée ni mudogo yangu."

"Basi ambia mudogo yako maneno yangu. Huyo mwanaume mwenye anamuita kwa spika iko na mutu. Kesho anakuja kwetu Kyarumba, baba yangu anamungoja. Amuache."

Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Badala yake akasogea akanipa nafasi kwenye benchi.

"Wewe njo Immy," akasema. "Wa Kasese. Mwenye anasemaka mzuka basimuonyeshe uso."

"Amekuambia juu yangu?"

"Kila siku. Ikala, mama."

Sikukaa. Sophie akanishika kifundo cha mkono, sio kwa nguvu.

"Unajua hii salle," akasema. "Mu filme, mwenye alikufa, banamupatiaka jina ya mutu muzima?"

Huo ni mwiko wa ukumbi ule, na kila mtazamaji anaujua. VJ anaweza kumpa jina lako mwizi au tajiri au hata mbwa, na utacheka. Lakini mhusika aliyekufa hapewi jina la mtu anayepumua. Siku moja VJ mgeni alimwita maiti kwa jina la mama muuza samaki, na watu walimtoa nje na maikrofoni yake. Mimi mwenyewe nilikuwapo, tena nilikuwa upande wa waliomtoa. Wivu ulikuwa umenifutia yote hayo kichwani.

"Hapana," nikasema. "Hawapatii."

"Donc, njo vile," Sophie akasema, akaachia mkono wangu.

Nikauliza, ingawa sikutaka kusikia. "Alikuwa nani kwa Sosthène?"

"Alikuwa bibi yake. Alikufaka na mimba, kule Butembo." Akafuta macho tena. "Nikisikia anamuita, ninaona ni kama angali iko mu nyumba. Njo maana ninakuyaka."

Nilimkuta Sosthène nyuma ya ukumbi, amekaa kwenye dumu tupu, anakunywa maji. Aliponiona uso wake ulifunguka wote, furaha ya kweli, na hiyo furaha ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

"Immy? Umefika lini? Chérie, kwa nini hukusema?"

"Usiniite hivyo. Ulikuwa na bibi."

Furaha ikashuka. Akaweka chupa chini.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Kwa spika. Umeambia Bwera yote, mimi njo umeacha."

"Immy, alikufa."

"Nimesikia amekufa. Pole, nasema pole kabisa, Mungu anajua. Lakini mimi nilisimama mbele ya baba yangu. Nilisema huyu hajaoa hata siku moja. Nilipokuambia hiyo maneno, wewe ulifanya nini?"

Aliinama akaokota kifuniko cha chupa.

"Ulicheka," nikasema. "Ulinishika mkono ukasema baba yangu iko mukali. Uliniacha nikabeba uongo nikapeleka kwa mzazi wangu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mutu amekufa, si ungesema?"

"Niliogopa wewe." Akainua macho yake yale. "Wewe unaonaka wivu ata na maikrofone. Mara ile nilisifu nywele za Jolly, ulikaa siku mingapi bila kuniongelesha? Nikasema, nikimutaja Aimée, Immy atakwenda. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake uliniuma. Lakini mtu mwenye wivu akiambiwa ana wivu haponi, anaongeza.

"Ulimpenda?"

"Alikuwa bibi yangu."

"Sikuuliza hiyo."

"Nilimupenda."

"Kuliko mimi?"

"Immy."

"Nijibu."

"Sina mizani ya vile," akasema. Sauti yake ilianza kukatika. "Nikuambie kitu. Siku alikufa nilikuwa hapa, mu hii salle, ninatafsiri filme ya kuchekesha. Simu ilikuwa imezimwa. Batu wanacheka, miye ninacheka. Nilipofika Butembo, beko banatoka ku makaburi. Sikumuona. Sikumuambia ata neno moja. Halafu hii filme inafika, ninaona bwana anafungua mulango, na bibi yake amesimama pale. Ungenyamaza, wewe? Unaniambiaka ninyamaze, na siku zote ninanyamaza juu una akili mingi kunipita. Lakini ile sehemu nilishindwa."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, na sikufanya lolote kati ya hayo. Kwa ndani kijana wa jenereta alikuwa anavuta kamba na injini inakohoa. Watu walikuwa wanarudi kwenye mabenchi.

"Na bibi harusi?" nikauliza. "Huyo mpya. Kila mtu kwa hiyo filamu umempa jina. Yeye unamuita bibi harusi tu. Kwa nini?"

Akaangalia pembeni.

"Sijaona mwisho yake bado. Nikimupatia jina yako, na halafu akufe?"

Moyo wangu ulilainika hapo, nakiri. Kama ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nilikuwa bado nalisikia lile jina, lilivyotoka taratibu, na chakula kikiwa moto.

"Sikiliza," nikasema. "Kama unanitaka mimi, usiite tena hiyo jina. Leo, hii sehemu ya pili. Mzuka akija, nyamaza. Ukiita, kesho usikuje Kyarumba. Mimi nitaambia baba kila kitu imekufa."

Hakubishana. Alichukua chupa yake ya maji akaingia ndani, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyechoka.

Nilirudi kwa Jolly. Nikamweleza kwa kifupi, akatoa macho.

"Immy, wewe unagombania bwana na mutu iko kwa kaburi?"

"Nyamaza."

"Mimi nimeuliza tu."

Taa zikazimwa. Sehemu ya pili ilianza, na Sosthène akaifanya kazi vizuri. Jirani mmbea, mama mkwe, afande aliyekuja kuuliza maswali, wote walikuwa na sauti zao, na watu walicheka walipotakiwa kucheka. Kisha kukawa na mvua kwenye filamu. Meza ikaandaliwa. Mume akaenda kufungua mlango wa jikoni, na mwanamke aliyelowa alikuwa amesimama pale, anasubiri aitwe.

Sosthène alinyamaza.

Nilipata nilichokitaka. Mume alisimama, mzuka alisimama, na kwenye spika palikuwa na mlio wa mvua tu. Nilidhani nitafurahi. Nilimwangalia Sosthène pembeni ya skrini, mwanga unampiga usoni, maikrofoni iko mdomoni na midomo imebanwa kabisa. Alikuwa amenitii. Niliona jinsi kunitii kunavyomgharimu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya ukumbi ule. Kwenye filamu zile zote ninazozipenda, mbaya ni yule anayekaa sebuleni kwa heshima zake, anayewaambia wenye nyumba nani aingie na nani abaki mvuani. Siku ile mbaya alikuwa amekaa benchi la nyuma, amevaa gauni la kutokea.

Watu wakaanza kunung'unika. "VJ, vipi?" Mmoja akapiga mluzi. "Mwite basi. Yuko na baridi." Pale mbele Sophie alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkono wa Sosthène wenye maikrofoni ukaanza kushuka.

Nikasimama. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa.

"Aimée," nikasema. Halikutoka vizuri, lilikwama, nikalisema tena ili lifike mbele. "Aimée, ingia. Ingia ukule."

Vichwa vikageuka. Sosthène akanitafuta gizani mpaka akaniona, nami nikamwonyesha kwa mkono kwamba aendelee, kazi ni yake. Akainua maikrofoni, akamwita mke wake kwa sauti yake mwenyewe, akamwambia akae, akamwambia amsamehe kwa kuchelewa. Hilo la kuchelewa halikuwepo kwenye filamu, na ukumbi mzima ulilipokea bila swali.

Mimi nilikuwa tayari niko nje, nyuma ya kibanda cha chapati, natafuta nambari ya baba. Alipokea akiwa shambani, nikamsikia akiwaambia watu wanyamaze. Baba huniita Biira, jina la binti wa pili kuzaliwa, na tuliongea kwa lugha yetu, Lukonzo.

"Biira. Kuna nini?"

"Baba, nilikudanganya siku ya Krismasi. Sosthène alikuwa na mke."

"Alikuwa, au anaye?"

"Alifariki, na mtoto tumboni. Nimejua leo."

Nikamsikia baba akiweka jembe chini.

"Alikuficha," akasema.

"Alinificha."

"Hilo atanijibu yeye mwenyewe, kesho, mbele ya shangazi yako. Na mke wake atamtaja kwa jina mbele yangu. Mtu anayetaka binti yangu asije na kaburi mfukoni."

"Kwa hiyo aje?"

"Nimesema aje ajibu. Sijasema nitampa mtu." Akavuta pumzi. "Lakini wewe mbona unalia? Mwanamke mwenyewe hayupo tena."

"Yupo, Baba," nikasema. "Nimemkaribisha ndani sasa hivi, na bado namwonea wivu."

Baba hakucheka. Aliniambia nifute uso nisije nikapita sokoni hivyo, akakata simu.

Nilifuta uso. Kutoka ndani spika zilikuwa bado zinaongea, Sosthène anampakulia mke wake chakula, taratibu, kama mtu anayejua mwenzake anapenda kipande gani, na kila neno lilinichoma. Nikaingia. Sikurudi nyuma kwa Jolly. Nilipita katikati ya mabenchi mpaka mbele kabisa, Sophie akasogea, nikakaa pale ambapo ilikuwa lazima Sosthène anione mimi anapolitaja lile jina.